Sura ya Nne: Aroetta na Walinzi wa Arnhem Land

Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1942, ndege 188 za Japani zilizoruka kutoka kwenye manowari za kubeba ndege ziliushambulia mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia. Saa mbili hivi baadaye zikaja nyingine kutoka viwanja vya nchi kavu, zikaupiga uwanja wa jeshi la anga. Watu wasiopungua 235 walipoteza maisha siku ile. Singapore ilikuwa imeanguka siku nne kabla, na siku moja baada ya Darwin kushambuliwa Wajapani wakashuka Timor, kisiwa kinachokabiliana na Darwin ng'ambo ya bahari. Australia, ambayo vikosi vyake bora vilikuwa vimepelekwa kupigana Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, ilijikuta haina wa kuilinda kaskazini yake.

Darwin angalau ilikuwa na bandari, mizinga na watu wa kupeleka habari. Mashariki yake hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Huko ndiko iliko Arnhem Land, nchi ya takriban kilomita za mraba 97,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Tangu 1931 serikali ilikuwa imeitenga kuwa hifadhi ya wenyeji asilia. Barabara hazikuwepo. Misheni zilikuwa chache, kama Milingimbi na Yirrkala, na kati ya moja na nyingine ilitanda pwani ndefu ya mikoko, hori, mafungu ya mchanga na visiwa. Sehemu nyingi za bahari ile hazikuwa zimepimwa vyema tangu Matthew Flinders alipopita na merikebu yake, Investigator, mwaka 1803. Adui angeweza kuingia katika hori mojawapo, akateka maji, akakata kuni, akajenga kambi yake, na Darwin isipate habari. Tena Wajapani hawakuwa wageni pale. Katika miaka ya 1930 mashua zao za kuzamia lulu na kuvua jongoo bahari zilizunguka pwani hiyo, na manahodha wao waliyafahamu maji yake kuliko maofisa wengi waliokaa Melbourne na ramani zao.

Sehemu kubwa ya pwani hiyo ya mashariki ilikabidhiwa kwa chombo kimoja kidogo cha tanga, chenye milingoti miwili na injini ya kusaidia, kilichoitwa Aroetta, pamoja na wenyeji asilia wapatao 50 waliobeba mikuki.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama habari za mtu mmoja, kamanda wa kikosi, Donald Thomson. Nami nitamsimulia, maana anastahili. Lakini niseme mapema ninakosimama: doria ile iliwezekana kwa sababu watu wenye pwani waliridhia kuifanya, na waliridhia wakiwa na kila sababu ya kukataa. Asiyezijua sababu hizo hawezi kuelewa ni zawadi gani Australia ilipewa.

Turudi nyuma miaka kumi. Watu wa kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land hujiita Yolngu. Mwezi Septemba 1932, kwenye ghuba ya Caledon, wavuvi watano wa Kijapani waliokuja kutafuta jongoo bahari waliuawa na Wayolngu. Mwaka uliofuata wazungu wawili nao wakauawa. Polisi walipotumwa, askari mmoja aliyeitwa Albert McColl alichomwa mkuki akafa kwenye kisiwa cha Woodah, mwezi Agosti 1933. Aliyeshitakiwa kwa kifo hicho alikuwa mzee wa ukoo, Dhakiyarr Wirrpanda, ambaye mkewe alikuwa ametiwa pingu na polisi.

Huko Darwin wapo waliotaka upelekwe msafara wa kuadhibu. Maana yake ilijulikana: watu wangepigwa risasi ovyo, wake kwa waume, kama ilivyokwisha kutokea mahali pengine Australia. Raia wengi wa miji ya kusini, makanisa na vyama vya wafanyakazi walipinga kwa sauti kubwa, na serikali ikaliacha wazo hilo. Wamisionari ndio waliokwenda kuzungumza na wazee. Kwa kuamini maneno yao, Dhakiyarr na wenzake walipanda chombo kwa hiari wakaenda Darwin, na Darwin ikawaweka gerezani. Wana watatu wa Wonggu, mkuu wa ukoo wa Djapu wa ghuba ya Caledon, walihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kuwaua Wajapani. Dhakiyarr alihukumiwa kunyongwa. Mwezi Novemba 1934 Mahakama Kuu ya Australia iliifuta hukumu hiyo kwa sababu kesi iliendeshwa vibaya, na akaachiwa huru. Alitoka gerezani Darwin na hakuonekana tena. Kwao hakufika.

Hapo ndipo anapoingia Thomson. Alizaliwa Melbourne mwaka 1901, akasomea sayansi ya viumbe kisha mila na maisha ya wanadamu, na alikuwa amekwisha kuishi na wenyeji wa rasi ya Cape York. Alijitolea kwenda Arnhem Land kuchunguza chanzo cha mauaji, na kuanzia 1935 alitembea nchi ile kwa miguu na kwa mashua. Alikutana na Wonggu, ambaye magazeti yalikuwa yamemchora kama jitu la kutisha. Kijiti cha ujumbe, kilichochongwa alama za amani, kilipita mikononi mwa Thomson kati ya mzee huyo na wanawe waliokuwa gerezani. Thomson alishauri wafunguliwe. Mwaka 1936 waliachiwa, na yeye mwenyewe akawasindikiza hadi kwao, kwa baba yao. Katika ripoti zake aliisihi serikali iwaache Wayolngu na ardhi yao na desturi zao.

Mtu aliyekurudishia wanao kutoka jela ya Darwin hasahauliki. Kama kuna tukio moja lililoiandaa doria ya 1942, ni hilo, wala halikuhusu vita hata kidogo.

Vita vilipoanza Thomson alijiunga na jeshi la anga, akatumwa visiwa vya Solomon, ambako alishiriki kuwaandaa watu wa kuangalia pwani. Mwaka 1941 jeshi lilimwita aunde kikosi cha kuichunga Arnhem Land. Kilipewa jina la Kikosi Maalumu cha Upelelezi cha Northern Territory, eneo la kaskazini lenye Darwin na Arnhem Land. Kilikuwa na Wayolngu takriban 50, wazungu watano, na mabaharia kutoka visiwa vya Pasifiki na Torres Strait. Mtu wa kwanza ambaye Thomson alimtafuta alikuwa Raiwala, shujaa wa upande wa mto Glyde ambaye alikuwa amesafiri naye miaka ya 1930. Kwa watu wa nyanda zile jina la Raiwala lilikuwa na uzito kuliko cheo chochote cha jeshi. Thomson alikwenda pia ghuba ya Caledon kwa Wonggu, na wana wa mzee huyo wakaingia kikosini.

Jaribu kuwaza mazungumzo yale. Watu waliofungwa kwa kuua Wajapani wanaambiwa sasa kwamba Wajapani wakija wawaue. Wazee walitaka kujua jambo moja kwanza: je, baadaye polisi watakuja? Thomson alilazimika kuwahakikishia kwamba safari hii hakuna atakayeadhibiwa. Lilikuwa swali la haki kabisa, lililoulizwa na watu waliokwisha kuiamini ahadi ya mzungu wakaishia gerezani, na Dhakiyarr akapotea. Pamoja na hayo yote, walikubali.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana uzuri wake umo katika namna ilivyofanywa.

Pwani ya Arnhem Land inaendeshwa na pepo mbili. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi huvuma upepo wa kaskazini-magharibi wenye mvua, radi na wakati mwingine vimbunga vikubwa. Baadaye hugeuka, na miezi mingi ya mwaka huwa ni upepo wa kusini-mashariki, mkavu na mkali, unaoinua mawimbi mafupi yenye fujo katika ghuba ya Carpentaria. Mtu wa Lamu, Pemba au Mafia hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa pepo hizohizo mabaharia wa Makassar, kutoka kisiwa cha Sulawesi, walikuja Arnhem Land kila mwaka kwa muda usiopungua karne moja na nusu. Walifika na mvua za Desemba, wakapika na kukausha jongoo bahari kwa soko la China, bidhaa ileile iliyotoka pia pwani yetu, na upepo ulipogeuka wakarudi kwao. Serikali ya jimbo la Australia Kusini iliwazuia, na safari zao zikakoma mwaka 1907. Mikwaju waliyoiacha bado imesimama kwenye fukwe walizopiga kambi. Kutoka kwao Wayolngu walikuwa wamechukua mtumbwi wa gogo wenye tanga, na kwa mtumbwi huo waliwinda kasa na nguva hadi visiwa vya mbali. Kwa hiyo Aroetta iliingia katika bahari iliyokuwa na manahodha wake tayari.

Manowari isingeifaa kazi hii. Chombo kikubwa kinahitaji kina, makaa au mafuta mengi, na gati. Tena moshi wake huonekana tangu upeo wa macho. Chombo kidogo cha tanga kinapita juu ya mafungu wakati maji yamejaa, kinajificha ndani ya hori chini ya mikoko, na kinaweza kukaa baharini majuma mengi kwa mafuta kidogo. Akikiona rubani wa adui kutoka juu, kinafanana na mashua za misheni na za wazamia lulu. Injini ni ya kutokea hori upepo ukiwa wa mbele, au kukiokoa chombo mkondo unapokivuta kwenye mwamba. Na pwani ile ina mikondo mikali, maji yana matope hata huoni jiwe lililo hatua mbili mbele ya omo, na mamba wa maji chumvi wamelala kwenye kingo. Bildi hutupwa, kina husomwa, hutupwa tena. Lakini bildi inakueleza kina kilichopo chini yako sasa hivi. Iwapo hori unayoingia ina njia ya kutokea upande wa pili, na iwapo bamvua ikipwa utabaki umekaa juu ya tope mbele ya macho ya adui, hayo anayajua mtu aliyevua samaki mahali pale tangu utotoni.

Chombo kilikuwa nusu ya doria tu. Nusu nyingine ilikwenda kwa miguu. Aroetta iliweza kuwashusha watu kwenye ufuko, nao wakakata nchi kavu kuelekea ghuba nyingine, wakivuka mito na vinamasi ambavyo kikosi cha kawaida kingehitaji madaraja na misafara ya chakula kuvipita. Wayolngu hawakuhitaji msafara. Walikula samaki, taa, kasa, mayai ya bata bukini, viazi mwitu na kokwa walizojua kuziondoa sumu. Walijua wapi maji matamu hutoka ukichimba mchanga nyuma ya ufuko. Walisoma nyayo: ya nani, ya lini, alikuwa amebeba mzigo au la. Moshi uliopanda mahali pasipo na watu wa kuwasha moto ulikuwa habari kamili kwao. Mashua ngeni haingeweza kutia nanga usiku na kuondoka alfajiri bila ufuko kuwaambia.

Wapo waliodhani silaha zao ni udhaifu. Thomson alishikilia kinyume. Hakutaka kuwageuza kuwa askari wa gwaride waliofundishwa bunduki kwa haraka. Mkuki hauna mlio, hauhitaji risasi, na mikononi mwa mtu aliyeurusha tangu utoto ni silaha ya kuua. Mpango ulikuwa huu: Wajapani wakishuka, kikosi kisipambane nao uso kwa uso. Kiwafuate kwa siri, kipeleke habari, kiwavizie usiku walinzi wao na wale watakaojitenga kutafuta maji au kuni, kisha kipotee mikokoni. Walifundishwa pia kutengeneza mabomu ya chupa za petroli. Mimi naamini kikosi cha Kijapani ambacho kingeshuka Arnhem Land mwaka 1942 kingeteseka vibaya, na huenda kisingewahi kumwona aliyekuwa akikiua.

Hawakushuka. Msomaji asije akaona kwamba kwa sababu hiyo kazi ilikuwa bure. Doria ya upelelezi haihesabiwi kwa maiti. Kamanda wa Darwin aliyejua kwamba hori za mashariki ziko tupu alikuwa na uhuru wa kupeleka askari wake wachache mahali pengine. Na hatari ilikuwa ya kweli kabisa. Tarehe 22 Januari 1943 chombo cha jeshi la majini kilichoitwa Patricia Cam, kikiwa safarini kupeleka mahitaji kwenye vituo vya pwani hiyo, kilipigwa bomu na ndege ya Kijapani ya baharini karibu na visiwa vya Wessel, kikazama. Miongoni mwa abiria walikuwamo Wayolngu, na baadhi yao walikufa. Ndege ilishuka majini ikamchukua mmisionari mmoja, Leonard Kentish, ambaye baadaye Wajapani walimuua. Mwezi Mei mwaka huo Milingimbi nayo ilipigwa mabomu. Katika bahari hiyohiyo, wiki baada ya wiki, Aroetta ilikuwa ikitweka tanga.

Tena Wayolngu hawakuwa peke yao kati ya wenyeji asilia wa kaskazini waliobeba mzigo huo. Siku ya shambulio la Darwin rubani mmoja wa Kijapani alianguka na ndege yake kisiwani Melville. Aliyemkamata alikuwa Matthias Ulungura, mtu wa kabila la Tiwi, na huyo ndiye Mjapani wa kwanza kukamatwa mateka kwenye ardhi ya Australia.

Mwaka 1943, hatari ya uvamizi ilipopungua, kikosi kilivunjwa. Thomson alipelekwa upande wa Kiholanzi wa New Guinea kufanya kazi kama hiyo, akajeruhiwa vibaya huko, na baadaye akapewa nishani ya OBE. Wayolngu walirudi makwao.

Walilipwa nini? Walilipwa ndoana, waya wa kuvulia, tumbaku na vitu vya namna hiyo. Hapakuwa na mshahara wala nishani. Wazungu waliokuwa kikosi kimoja nao walikuwa na malipo ya jeshi na haki za baada ya vita. Wayolngu walipojiunga walikuwa na mikono, macho na elimu ya nchi ambayo jeshi lisingeweza kuinunua popote kwa fedha yoyote, na jeshi likaichukua kwa bei ya tumbaku. Wapo wanaotetea malipo hayo kwa kusema kwamba watu wale hawakuwa wakitumia fedha. Utetezi huo siukubali. Ndugu zao waliofanya kazi mijini na kwenye mashamba ya ng'ombe walizijua fedha vyema, na hata asiyezijua leo anaweza kuwekewa haki yake hadi kesho. Tena baba zao walifanya biashara na watu wa Makassar kabla Darwin haijajengwa.

Serikali ilikubali kuwalipa malimbikizo ya mishahara na kuwatunuku nishani mwaka 1992. Ilikuwa karibu miaka 50 tangu kikosi kivunjwe. Thomson alikuwa amekwisha kufa mwaka 1970, na wengi wa watu wake nao walikuwa wametangulia.

Lakini kulikuwa na deni jingine, na kwangu hilo ni kubwa kuliko mishahara. Mwaka 1942 serikali iliwaomba Wayolngu wailinde pwani kwa sababu ilikuwa yao. Mwaka 1963 serikali hiyohiyo iliimega ardhi ya Yirrkala kwa ajili ya uchimbaji wa boksiti bila kuwauliza wenyewe. Wazee waliandika ombi kwa bunge, wakalibandika kwenye magome ya mti yaliyochorwa alama za koo zao, wakalipeleka Canberra. Bunge lililipokea, na mgodi ukachimbwa. Walikwenda mahakamani wakashindwa mwaka 1971. Mwaka 1976 sheria ya haki za ardhi ya Northern Territory ilipitishwa, ikawapa hati ya nchi kavu. Swali la bahari likabaki: maji yanapojaa juu ya ufuko wao, ni ya nani?

Swali hilo walilipeleka mahakamani watu wa Blue Mud Bay, ghuba ya upande uleule wa pwani ambako McColl aliuawa na Dhakiyarr aliishi. Tarehe 30 Julai 2008 Mahakama Kuu ya Australia, ileile iliyoifuta hukumu ya Dhakiyarr mwaka 1934, iliamua kwamba kwenye ardhi ya wenyeji asilia eneo lote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni la wenyewe, na hakuna leseni ya uvuvi inayompa mtu ruhusa ya kuingia humo bila idhini yao. Uamuzi huo unagusa takriban asilimia 80 ya pwani ya Northern Territory.